Namna ya Kuwa Bingwa wa Seva Kamwokya Bila Kutoa Jasho

Mwalimu, unafundisha kwenye kituo cha masomo ya jioni pale Kamwokya, chumba kimoja juu ya duka, na mkurugenzi ameamua kwamba muhula ujao masomo yawe mtandaoni. Kazi amekupa wewe, kwa sababu siku moja alikuona ukiamsha printa iliyogoma. Usimweleze kwamba ulichofanya ni kuchomoa waya na kuuchomeka tena. Cheo kimekuja chenyewe, kipokee. Mimi nitakuonyesha njia za panya za kukishika bila kukesha.

Hatua ya kwanza: iga. Vuka hadi Makerere uone wenzako wanatumia nini. Jukwaa lao la MUELE limejengwa juu ya Moodle, programu ya bure aliyoianzisha Martin Dougiamas huko Australia, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Agosti 2002. Zaidi ya miaka ishirini watu wamekwama kwenye kila tatizo litakalokukwamisha, na wameandika walivyotoka. Mwanafunzi akiiga kwenye mtihani anafukuzwa. Wewe ukiiga seva ya chuo kikuu unapandishwa cheo.

Hatua ya pili: anzia mwisho. Wageni wa kazi hii huanza kwa kubishana ni mfumo endeshi upi ulio bora, wakabishana mpaka chai ikapoa. Wewe anza na Moodle, uiulize inataka toleo lipi la PHP, lugha iliyoandikwa kwayo, halafu mfumo endeshi utajichagua wenyewe. Moodle 4.5 ilitoka Oktoba 2024 na imeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027. Inataka PHP kuanzia 8.1 hadi 8.3. Ubuntu 24.04 inakuja na 8.3, Debian 12 inakuja na 8.2, zote zinafaa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inakuja na 8.4, ambayo Moodle 4.5 haiikubali. Umeona? Mjuaji wa jirani atakimbilia kipya kwa sababu ni kipya, kisha wiki nzima atapigana na PHP. Wewe umesoma ukurasa mmoja na umemaliza.

Hatua ya tatu, na hapa nataka tutulie. Kati ya Ubuntu 24.04 na Debian 12, chukua ile ambayo kijana wa karibu anaijua. Simama Kira Road, karibu na Jumba la Makumbusho, uhesabu bodaboda. Nyingi ni Bajaj Boxer, kwa kuwa kipuri chake kinapatikana kila kona na kila fundi ameshaifungua. Seva nayo ichague hivyo hivyo. Tovuti itakapolala usiku wa kuamkia mtihani, utamhitaji mtu wa kumpigia simu, na Kampala ni rahisi zaidi kumpata kijana aliyejifunza Ubuntu kuliko aliyejifunza mfumo wenye jina la kutisha. Ukichukua Ubuntu, chagua toleo lenye herufi LTS. Matoleo hayo hutoka Aprili ya kila mwaka wa pili na hutunzwa miaka mitano. Ile 24.04 itakufikisha 2029, na kufikia hapo huenda kazi hii imeshahamia kwa mwingine.

Na ahadi za matangazo usizimeze nzima. Tarehe 8 Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, mfumo endeshi wa bure uliotarajiwa kutunzwa hadi 2029, utaachwa mwisho wa 2021. Waliojenga seva zao juu yake walibaki na mwaka mmoja tu wa kuhama. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kutokana na mshtuko huo, na ni mifumo mizuri. Kama fundi wako anaijua mojawapo, ichukue bila wasiwasi. Muhimu ni kujua nani anaitunza, na mpaka lini.

Hatua ya nne: Windows Server. Mkurugenzi ataitaka kwa sababu ina picha, na jina analijua. Usibishane naye. Mwonyeshe bei ya leseni, nyamaza, subiri. Ukweli ni kwamba Moodle hukubali Windows, lakini walioitengeneza huiendeleza zaidi juu ya Linux, na maelekezo mengi utakayoyategemea yameandikwa kwa Linux. Akija mtu na flashi, akakunong'oneza kwamba anayo Windows iliyovunjwa ya bure kabisa, mkatalie. Napenda njia za mkato kuliko mtu yeyote unayemjua, lakini kwa njia hiyo unampa mgeni ufunguo wa majina, namba za simu na alama za watoto wa watu.

Hatua ya tano: lisha majivuno mahali panapoonekana. Mwanafunzi hatauona mfumo endeshi wako hata siku moja. Atauona mlango wa kuingilia, kwenye simu, kwa bando ambalo tangu Julai 2021 linabeba ushuru wa asilimia 12. Basi weka nembo nzuri, rangi za kituo, na picha ndogo nyepesi ili bando lake lisiishie mlangoni. Seva yenyewe isimike bila madirisha wala picha, maandishi matupu. RAM utakayookoa ni ya wanafunzi: kadirio la Moodle ni watu 10 hadi 20 kwa wakati mmoja kwa kila GB 1. Mkurugenzi akipita, acha programu ya htop ikimbize mistari yake ya rangi kwenye skrini nyeusi. Ataondoka ameridhika, na hujamdanganya: hiyo ndiyo seva ikifanya kazi.

Hatua ya sita ni saa. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Jaribio ulilotaka lifungwe saa sita usiku litafungwa saa tisa. Weka Africa/Kampala kwenye seva, kisha hakikisha na ndani ya Moodle. Halafu waangalie walimu wenzako. Yupo atakayeandika 06:00 akimaanisha saa sita.

Majina ya mafaili: Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Andika kila kitu kwa herufi ndogo, usifikirie zaidi.

Sasa mahali pa kuiweka. Usiiweke chini ya meza yako, ambapo umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, ukiisha na darasa linaisha. Kama taasisi yako ni mwanachama wa RENU, mtandao wa vyuo na watafiti ulioanzishwa 2006, waombe wao nafasi. Kama si mwanachama, kodi seva, na ukiweza iwe hapa nchini, maana UIXP, kituo ambapo mitandao ya nchini hubadilishana data, kipo Kampala tangu 2001 ili data ya Uganda isilazimike kuzunguka ng'ambo ndipo irudi Kamwokya.

Saa utakazoiba kwa njia hizi za mkato zipeleke kwenye masomo yenyewe. Hilo nakuomba kwa dhati. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na wapo watoto ambao hawakurudi. Siku zile kilichokosekana kwa wengi kilikuwa somo lililoandaliwa vizuri na kuweza kufunguka kwenye simu ya mama. Kubishana juu ya Debian hakukumfundisha mtoto hata mmoja.

Mwisho, jifunze kuanguka kwa heshima, kwa sababu utaanguka. Kila usiku seva inakili vitu viwili: hifadhidata na folda ya moodledata. Watu hunakili cha kwanza wakasahau cha pili, kisha wanarudisha majina ya wanafunzi bila kazi zao. Nakala ikae kwenye mashine nyingine kabisa, na likizo ya Mei uijaribu kuirudisha mahali pengine, mlango ukiwa umefungwa, hakuna anayekuangalia. Ukifanya matengenezo, washa hali ya matengenezo ya Moodle na uandike ukurasa wake mwenyewe, wenye saa mahususi ya kurudi. Ongeza saa mbili kwenye makadirio yako, ili ukirudi mapema wakusifu. Ujumbe wa ajali nao uandike leo ukiwa mtulivu, mistari mitatu: kimetokea nini, kazi zenu ziko salama, tarehe ya mwisho imesogezwa. Uhifadhi kwenye simu, na siku ikifika uutume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kabla wa kwanza hajakupigia.