Waheshimiwa wa Tume, Tupeni Kituo cha Kura Pale Pirates

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

KUH: OMBI LA KULIRUDIA KOSA LENU LA MWAKA 2022

Waheshimiwa,

Wengi wamewalaumu kwa yaliyotokea Mombasa Agosti 2022. Barua hii inaleta shukrani. Karatasi za kura ya ugavana, zilizochapishwa Ugiriki zikaletwa kwa ndege, zilikutwa na sura za wagombea wasiokuwa wetu. Uchaguzi wa tarehe 9 ukaendelea kwa karatasi tano badala ya sita, na ule wa gavana, huku na Kakamega, ukasogezwa hadi tarehe 23, kisha tena hadi Jumatatu ya tarehe 29, ambayo ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko. Pasi na kukusudia, mkawa mmefanya utafiti ambao chuo kikuu kingeomba mamilioni kuugharimia: mlimtenga gavana na rais, mkampa siku yake mwenyewe, mkatuacha tuonyeshe tunavyoithamini kaunti. Tukaonyesha. Mshindi alipata kura 119,083, na aliyemfuata 98,105. Ukizijumlisha unapata kama thuluthi moja ya waliosajiliwa, ambao walipita 640,000.

Mtasema, na ni haki yenu, kwamba watu walichoshwa na kuahirishwa mara mbili. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini hata tarehe 9, rais akiwa karatasini, waliojitokeza Mombasa hawakufika nusu. Gavana alipobaki peke yake, foleni ikazidi kufupika. Na lawama ya mambo haya huwa ina mwenyewe tayari: Mpwani, ambaye husemwa kwamba akipewa siku ya mapumziko hutandika mkeka ufuoni na nchi ijijue. Haya, kwa ajili ya hoja tu, tukubali kwamba wote walikwenda kuogelea. Walikwenda wapi, basi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, linazitaja waziwazi bustani za kaunti, fuo na vifaa vya burudani miongoni mwa kazi za serikali ya kaunti. Kwa hiyo aliyeikimbia kura ya gavana akaenda ufuo wa umma wa Pirates alikwenda kuketi juu ya jambo lile lile alilokataa kulipigia kura. Choo kisichoingilika, taa isiyowaka, taka zinazosukumwa na maji kujaa, mwokoaji wa kumtazama mtoto aliyeng'ang'ania boya la kukodi, kichochoro cha kushukia baharini kilichobanwa kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa jumba la mtu: hayo yote huyakuti kwenye karatasi nyeupe ya rais. Yamo kwenye ile ya gavana, ambayo ni ya buluu, na pengine rangi hiyo ndiyo dokezo pekee mlilowahi kutupa kwamba karatasi hiyo inahusiana na bahari.

Elimu yenu ya mpiga kura, lazima tukiri, imefaulu. Tunajua kuikunja karatasi, tunajua alama iwekwe wapi na karatasi ya rangi gani itumbukizwe katika sanduku lipi. Tusichofundishwa ni kila karatasi inanunua nini. Ndiyo maana tunamdai rais mambo ya diwani, tunamdai diwani mambo ya Mungu, na gavana anapita katikati salama salimini. Hivyo tunapendekeza kosa lirudiwe kila baada ya miaka mitano, na kituo kikuu kiwekwe Pirates, baina ya wakodishaji maboya na wauza viazi karai. Foleni ipangwe kwa nguo za kuogelea. Kidole kichovywe wino kabla ya maji ya chumvi. Mpiga kura atakayezunguka saa nzima akitafuta njia ya kufika ufuoni ahesabiwe amekwisha kupata elimu yake ya uraia.

Mtatukumbusha kifungu cha 180 cha Katiba, kinachotaka gavana achaguliwe siku moja na wabunge. Tunakiheshimu, ingawa mwaka 2022 nacho kilikubali kuogelea kidogo. Wengine watatuuliza: bustani ya Mama Ngina ilitengenezwa na nani kama si serikali ya kitaifa? Ni kweli, na pakapendeza, na sherehe za Mashujaa za 20 Oktoba 2019 zikafanyika papo hapo. Ila hisani ya mkubwa hufuata ratiba yake. Takataka za Jumapili hazingoji Mashujaa. Pingamizi lenye uzito ni la wale wanaosema kwamba katika mji wenye mifereji mikavu na zahanati zisizo na dawa, kuzungumzia bustani na fuo ni ulimbwende. Lakini usambazaji wa maji na zahanati navyo vimo katika Jedwali lile lile, chini ya gavana yule yule. Anayeidharau karatasi ya buluu kwa sababu ya ufuo amedharau na dawa. Isitoshe, familia isiyo na nauli ya mbali wala kiingilio cha hoteli haina matembezi mengine isipokuwa yale ya ufuo wa umma. Mwenye bwawa la kuogelea nyumbani ndiye anayeweza kuliita jambo hili anasa.

Sasa tuweke mzaha kando. Kifungu cha 88 kimewapa kazi ya kuwaelimisha wapiga kura. Chukueni orodha ya kazi za kaunti kama ilivyo katika Jedwali la Nne, iandikeni kwa Kiswahili chepesi, ibandikeni ukutani katika kila kituo cha kusajili na cha kupigia kura. Haihitaji teknolojia mpya wala zabuni ya nje ya nchi. Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Tunaomba tuwe tumeisoma kabla ya hapo.