Matairi ya Jangwani, Safari za Posta

Ukitaka ushauri wa bure Dar es Salaam, tangaza kwamba unatafuta tairi la pikipiki. Jirani ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli atakutajia nchi ambazo matairi yake usiyaguse. Dereva wa bodaboda kijiweni atakuambia nunua lolote, mradi lijazwe upepo mpaka likatae kubonyea. Mama mkwe wangu, kwa simu kutoka milima ya Usambara, alisema niuze pikipiki nipande basi. Kati ya wote hao mwenye hoja ni mama mkwe, ila hajawahi kukaa kwenye foleni ya Mwenge saa moja asubuhi.

Mimi nakaa Goba, kazi yangu iko Posta. Watengenezaji wa matairi ya pikipiki za safari huyapanga kwa asilimia: hili 80 lami na 20 vumbi, lile nusu kwa nusu. Hesabu hiyo inamfaa mtu ambaye lami yake inajulikana inapoanzia na inapoishia. Ya kwangu inaanza baada ya kipande cha mchanga, inakatwa na mtaro wa mafundi waliokuja kurekebisha bomba wakasahau kurudi, inaendelea, inapanda matuta, kisha mvua ikinyesha inapotea yote chini ya tope lililoporomoka kutoka kwenye viwanja vya watu. Asilimia zake hupangwa kila siku upya.

Kariakoo nilimkuta kijana muuzaji ambaye hakuwa na habari na asilimia.

"Bosi wangu, hili ni la kote."

"Lami?"

"Linakubali."

"Matope?"

"Linakubali."

"Mchanga?"

"Bosi, huko ndiko kwao."

Nikamuuliza, kama hili ni la kote, hayo mengine yaliyojaa mpaka darini ni ya nini. Akanijibu kwa upole kwamba hayo ni ya wateja wasioelewa.

Nikainama kusoma ubavuni mwa tairi, jambo ambalo dukani huonekana kama kumkosea adabu mwenyeji. Limeandikwa 3.00-17: upana wa inchi tatu, kwa rimu ya inchi 17. Pembeni yake kuna 50P. Hiyo 50 maana yake ni kwamba tairi hilo, likiwa na upepo unaotakiwa, linabeba kilo 190. Herufi P inaruhusu mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa, mwendo ambao pikipiki yangu itaufikia siku ikisafirishwa kwa ndege. Hizo kilo ndizo zilizonifikirisha. Chukua dereva, mama mmoja wa makamo, mwanafunzi wa mama huyo na gunia la mkaa la mama huyohuyo, halafu jumlisha sehemu ya uzito wa pikipiki inayoelemea nyuma. Mshikaki wa namna hiyo unapita mbele ya nyumba yetu kila jioni, na tairi halijui kwamba limeshafeli hesabu.

Mbele kidogo kulikuwa na tarakimu nne: 1116. Hapo ndipo tairi hueleza siku yake ya kuzaliwa, wiki ya 11 ya mwaka 2016. Tairi "jipya" lililong'arishwa kwa dawa lilikuwa limeshafikisha umri wa kwenda shule. Mpira hukomaa hata ukiwa umelala dukani. Unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Kijana aliitazama namba ile, akasema ni ya mzigo bandarini. Nikamshukuru, nikaenda duka la jirani.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hakuhitaji kusoma chochote. Yeye hutazama mashindano ya Dakar kwenye simu, yale ambayo, licha ya jina lake, yamekuwa yakifanyika Saudia tangu mwaka 2020. Akanunua matairi ya kashata nene, vitofali vya mpira vilivyoachana kiasi cha kupitisha kidole gumba. Lazima niseme ukweli, pikipiki ilipendeza. Ikiwa imesimama.

Ikitembea, ilianza kunguruma kwa sauti ambayo watoto wa mtaani waliipisha njia wakitegemea lori. Kwenye lami kashata za aina hiyo hugusa chini kwa vichwa tu, kwa hiyo mpira unaoshika ni mchache, na ukikata kona vile vitofali vinajikunja, pikipiki inacheza bila muziki. Kwenye tope mambo hugeuka: mianya ile mipana hutema tope kadiri gurudumu linavyozunguka, wakati kashata fupi za barabarani hujaa, zikaziba, ukabaki umekalia kitu laini kuliko kipara. Sina ugomvi na vipara, kwa kuwa mimi mwenyewe ninacho. Ila changu hakishiki breki.

Desemba tukaamua kwenda ukweni kwangu, ambako ndiko kwao, kila mtu na pikipiki yake. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo: zaidi ya kilomita 300, zote lami. Korogwe tuliposimama kunywa chai, shemeji aliishika glasi kwa viganja viwili kwa sababu vidole havikuwa na habari naye. Mtetemo ulikuwa umempanda kutoka kwenye kashata hadi mabegani. Pale mlimani, kati ya Mombo na Soni, manyunyu yakaanza, na zile kona hazihitaji maji ili zimtishe mtu. Shemeji akashuka hadi mwendo wa kusindikiza jeneza. Akapitwa na bodaboda mmoja mwenye matenga mawili ya nyanya, tairi lake la nyuma likiwa kipara kitupu, naye anaongea na simu. Simtolei maelezo yule bwana.

Baada ya mji wa Lushoto tuliacha lami, tukaingia njia ya vumbi iliyokuwa imelowa tangu juzi. Hapo shemeji alifufuka. Alipanda kilima akipiga mluzi, huku mimi tairi langu la mbele la mistari likifuata kila mfereji ulioachwa na magari, kana kwamba lina miadi. Uani kwa baba mkwe nilimwona mzee amesimama mlangoni. Nikasema "Shikamoo baba" nikiwa wima. Pikipiki ikaniondoka polepole sana, kwa heshima zote, na "Marahaba" ikanikuta nimelala ubavu kwenye tope. Mzee akauliza habari za safari. Nikamwambia nzuri.

Shemeji aliisimulia hadithi hiyo sikukuu nzima, akiiongezea kuku na mbwa ambao hawakuwapo. Hata hivyo, msimamo wangu haujabadilika. Pale uani nilipoteza suruali na heshima, vitu ambavyo hufuliwa. Ukiteleza kwenye lami iliyolowa, katikati ya daladala mbili, kinachopotea hakifuliwi. Kama shughuli zako ziko mjini na vumbi ni la sikukuu, nunua tairi la kushika lami yenye mvua: mbele la mistari, nyuma kashata fupi. Tope utalipita taratibu. Unaweza kupunguza upepo kidogo ukiingia huko, ila kidogo kweli, maana matairi yetu mengi ni ya tyubu, na tyubu yenye upepo haba hubanwa na rimu ukapata pancha, au huzunguka ndani na kung'oa valvu.

Na upepo upimwe kwa geji. Kwa pikipiki nyingi za cc 150 zilizoko hapa, mtengenezaji anataka takriban psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Fundi pancha wangu hupima kwa kidole gumba na nilipomwonyesha geji aliudhika kwa wiki kadhaa. Huyohuyo alinifungia tairi jipya na mshale wake ukiangalia nyuma, akasema upepo ni uleule, mkubwa. Alirudia kazi akinuna. Tairi likishafungwa vizuri, kilomita 100 au 150 za kwanza nenda nalo kwa adabu, kwa sababu mpira mpya huwa na utelezi hadi uso wake uparuzwe na barabara.

Shemeji anauza matairi yake. Ni 3.00-17 ya nyuma na 2.75-17 ya mbele, katikati yameisha, pembeni bado mapya kabisa. Jangwa hayajawahi kuliona. Mwenye kuyataka aje Goba, ila aje asubuhi, kabla muuzaji hajaanza kusimulia habari za Lushoto.