Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Foleni

Kwa Mheshimiwa Foleni,
Benchi la Mbele, Dirisha la Mapokezi,
Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera.

YAH: PONGEZI KWA KUTENDA HAKI, NA OMBI LA KUPUNGUZIWA HAKI HIYO

Husika tafadhali na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mawaziri huteuliwa na kutenguliwa, waganga wakuu wa wilaya huhamishwa, lakini wewe hujawahi kupata barua ya uhamisho. Huulizi mtu ametoka Rulenge au Nyakahura. Kwako aliyewahi ndiye wa kwanza, basi. Mwenye fangasi za miguu za miezi sita, aliyejihimu akafika saa kumi na mbili, humtangulia mtoto wa degedege aliyeletwa saa tatu, kwa sababu degedege, kwa utovu wake wa nidhamu, halikumwanza mapema. Hakimu gani mwingine nchini hutoa hukumu kwa wepesi namna hiyo? Ndiyo maana naanza kwa kukupongeza, kisha nikuombe ung'atuke kwenye mlango mmoja tu: ule wa dharura.

Anayegombea kiti chako anaitwa triaji. Si mashine ya kuagizwa ng'ambo. Ni nesi mwenye saa ya mkononi, kipimajoto, mashine ya presha na kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, naye husimama kabla ya dirisha, si baada yake. Anahesabu pumzi na mapigo ya moyo, anatazama kama mgonjwa anatembea mwenyewe, kama yuko macho, anaitika akiitwa, anashtuka akifinywa, au hashtuki kabisa. Alama zinajumlishwa, rangi inatoka. Katika mfumo uliotungwa Afrika Kusini mwaka 2004, mwekundu huhudumiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, na wa kijani anaweza kungoja hadi saa 4. Saa uliyofika haikuongezei hata alama moja, na hapo ndipo mnapokosana. Kwa watoto mpinzani wako ni mbishi zaidi. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na malaria hula damu. Mtoto anayelia kwa sauti ya kung'oa paa bado ana pumzi ya kulilia. Wa kuogopwa ni yule aliyelala begani kwa mama, viganja vyeupe, kimya. Na huyo ndiye watu wa benchini humsifu kwa utulivu.

Utasema hizo ni nadharia za semina, zenye posho na soda. Basi tutazame Blantyre, Malawi, nchi isiyotuzidi utajiri. Katika hospitali ya Queen Elizabeth walipanga upya mapokezi ya watoto: wakafundisha wahudumu kutambua mahututi mlangoni, wakaleta matibabu ya dharura karibu na mlango huo. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Kwetu, mwaka 2021, Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura sehemu mbalimbali za nchi. Ni jambo jema, sina kejeli hapo. Ila wewe unajua siri: vigae havikufukuzi. Utepe ukishakatwa, unaweza kuwa wa kwanza kuingia.

Jiografia nayo haikuungi mkono. Barabara ya Nyakanazi kupitia Lusahunga hadi Rusumo hupitisha malori usiku na mchana. Lori na basi vikigongana, majeruhi hawaji kwa kufuatana, hushushwa pamoja kutoka kwenye pikapu moja. Nani kawahi? Aliyekaa karibu na mlango wa nyuma wa pikapu! Kisha Januari 2025 ukapata mgeni wa kimataifa. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Dodoma, Mkurugenzi Mkuu wa WHO akiwapo, kwamba homa ya Marburg imethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walihesabiwa kufa, 2 wakiwa wamethibitishwa maabara na 8 wakiaminika kuwa waliugua ugonjwa huohuo. Marburg huanza na homa, kichwa na kutapika, yaani huja imevaa nguo za malaria, na huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Nesi wa mlangoni huuliza: umeuguza mtu, umeosha maiti? Akijibiwa ndiyo, mgonjwa hutengwa kabla hajagusana na wengine. Wewe huna swali hilo. Humpa namba 14, akabanana na mjamzito na mzee, amngoje wa fangasi.

Mawakili wako wana hoja, na zingine ni nzito. Wanasema watu watajifanya mahututi. Kilio huigizwa, naam. Oksijeni ya asilimia 82 bado haijapata mwigizaji. Wanasema pia wananchi wataona upendeleo, na hapo wana haki ya kushuku, kwa sababu hata leo unarukwa: shemeji wa fulani hupitia mlango wa nyuma nawe unatazama pembeni. Rangi zilizobandikwa ukutani, kwa Kiswahili, kila mtu azisome, zina uwazi kuliko wewe. Nzito kuliko zote ni ile ya wauguzi kutotosha. Lakini triaji ni mtoto wa uhaba. Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alianza kutibu majeruhi kwa ukubwa wa jeraha badala ya cheo kwa sababu mikono haikutosha. Na Ngara haihitaji kwenda hadi kwa Napoleon: mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na kwenye kambi ya Benaco ilibidi kuamua kipi kitangulie, maji, vyoo au chanjo ya surua. Hakuna aliyependekeza watu robo milioni wachukue namba. Muuguzi akiwa mmoja zamu ya usiku, mafunzo ya WHO yanaruhusu hata mlinzi wa geti na karani wafundishwe kutambua mtoto asiyepumua vizuri au anayetetemeka kwa degedege. Ninachokubali ni kwamba wa kijani ataumia kwa kusubiri. Aambiwe ukweli, na apimwe tena, maana kijani hugeuka.

Kwa hiyo naomba nesi wa mlangoni apewe mamlaka ya kukukatiza bila kuomba ruhusa ya daktari wala risiti ya dirisha la malipo. Ubaki na enzi yako yote kwenye dawa, meno na miwani.

Barua hii haina namba. Tafadhali isome zamu yake ikifika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Benchi la Nyuma

Nakala: Wizara ya Afya, Ofisi ya Rais – TAMISEMI (wasubiri kuitwa)