Namna ya Kunyonga Baiskeli Nyamiaga Bila Kupigiwa Honi

Kwanza kabisa, ikimbie lami. Malori ya Lusahunga kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hayana ugomvi na wewe, lakini yamebeba makontena ya Kigali na ya Congo, na dereva aliyetoka bandarini Dar es Salaam siku tatu zilizopita hana haja ya kukuachia nafasi. Tawi la Nyakasanza hadi Kobero, linalopeleka mizigo Burundi, ni hivyo hivyo. Ukifika Nyamiaga, jirani na mji wa Ngara, ulizia njia ya vijijini. Utaonyeshwa barabara nyekundu inayoingia kwenye migomba na kupotelea humo. Ifuate. Baada ya muda mfupi injini pekee utakayoisikia ni ya bodaboda moja moja.

Kuhusu baiskeli, usinunue kitu. Kama unayo yenye gia na tairi pana, njoo nayo, itafaa sana. Kama huna, tafuta Phoenix ya chuma, ile inayobeba ndizi kwenda gulioni, maana imefanya kazi kwenye milima hii kabla hujazaliwa. Kagua breki, kisha uzikague tena. Sehemu kubwa ya Ngara iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hakuna tambarare ya kupumzikia katikati: unapanda mpaka mgongoni mwa kilima, unateremka mpaka kwenye mafunjo, unaanza upya. Mvua ikishapita, mteremko unakuwa na mfereji katikati na changarawe huru pembeni, na hapo breki moja haitoshi. Njoo kati ya Juni na Agosti. Masika udongo huu hunata kwenye tairi mpaka gurudumu ligome kuzunguka, na utajikuta unaibeba baiskeli iliyopaswa kukubeba wewe.

Sasa somo lenyewe, ambalo wageni wengi hulikwepa: mlima husukumwa. Shuka. Simama pembeni uwaangalie wenye kazi yao. Kijana mwenye mikungu minne ya ndizi hapandi mlima akiwa kwenye tandiko. Ameifunga mikungu kwenye kerea kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, miwili kila upande ili uzito usiivute baiskeli. Mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia umeshika nyuma ya tandiko, na mwili wote umelala mbele. Akifika kwenye kona anageuza baiskeli ikingame na mlima, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anavuta pumzi, anaendelea. Hana haraka, na ukishindana naye utamkuta kileleni amekaa anakusubiri. Kwa macho yangu huyo ndiye bingwa wa mchezo huu, na anayetaka kujifunza baiskeli Ngara aanzie kwake.

Kama bado unaona aibu kushuka, kumbuka Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, katika nchi jirani ya Rwanda. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na katika kundi lile la wataalamu waliolipwa kwa kazi hiyo, waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Milima ya upande huu ni ndugu wa ile. Wewe sukuma bila wasiwasi.

Salimia. Hili si pambo la safari, ndiyo ramani yenyewe. Njia za hapa zinagawanyika kwenye kila shamba la maharage, na simu yako haijui ipi inaishia kwenye kisima na ipi inatokea Rulenge. Mama aliye shambani anajua. Anza na "Shikamoo mama", ngoja aitikie, msikilize hali ya nyumbani, ndipo uulize njia. Asubuhi ukimwambia mzee "Mwaramutse" utapata tabasamu, maana Kihangaza, lugha ya hapa, na Kirundi ni majirani wa karibu. Na vaa kaptura ya heshima juu ya ile ya kubana. Unapita mbele ya wazee na wakwe wa watu.

Tyubu ikipasuka, usihangaike na vifaa vyako vidogo. Sukuma mpaka senta ya kwanza, ulizia fundi. Ataitoa tyubu, ataizamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande mpaka mapovu yatoke, ataikwangua kwa msasa, atapaka solusheni na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Wengi hukosea pale pa kuacha ikauke. Mtazame, mlipe vizuri, na umwombe akaze spoku akiwa hapo hapo.

Mto utakaouona chini ni Ruvuvu, nao unastahili siku nzima. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alifuatilia maji yake hadi kichemchemi cha kusini mwa Burundi, kinachohesabiwa kuwa chanzo cha mbali zaidi cha Nile upande wa kusini. Maji hayo yanapita hapa chini ya migomba ya Ngara, yanaungana na Kagera karibu na Rusumo, yanaingia Ziwa Viktoria, na safari ya Misri inaendelea. Teremka mpaka bondeni, vuka kwa kivuko pamoja na mbuzi na wafanyabiashara. Usioge. Mamba na viboko wa mto huu ni wa kweli. Na mahali mto unapokuwa mpaka wa nchi, usivuke kwa mtumbwi hata ukiitwa vizuri namna gani. Njia yako ni kituo cha mpakani cha Kabanga au Rusumo, na pasipoti mkononi.

Misitu je? Itazame kwa heshima, kwa sababu ina historia nzito. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24, na Benaco, upande huu wa Ngara, ikageuka mji wa mahema. Watu wale walihitaji kupika, na vilima vilivyozunguka kambi vikanyolewa kwa ajili ya kuni. Kwa hiyo ukipita kwenye mikaratusi na misindano iliyopangwa mistari, usiseme huo si msitu halisi. Kuna mtu aliichimbia mashimo.

Msitu mkubwa uko mbele, kwa anayefuata barabara ya Murugarama, Rulenge hadi Nyakahura, upande wa Biharamulo. Hapo milima inapungua na miombo inaanza. Mbung'o nao wanaanza. Usivae bluu wala nyeusi, kwani mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, na wewe utakuwa mtego unaotembea. Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, haiingiwi kwa baiskeli kwa kujiamulia. Omba ruhusa kwa wahusika. Kwa miaka mingi magari yalipita mapori haya yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi, kwa hiyo ripoti kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuingia, na jua likielekea kuzama uwe umeshapata pa kulala.

Barabara hiyo imezungumziwa lami muda mrefu. Waendesha baiskeli wa mjini watasikitika ikiwekwa, nami sitasikitika nao. Mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali Rulenge au Murugwanza akiwa juu ya bodaboda hahitaji changarawe yetu nzuri. Lami na ije. Ninachodai kwa nguvu zote ni kwamba ikija, iachiwe bega pana pembeni la kupita yule kijana wa ndizi, kwa sababu yeye hana vumbi jingine la kukimbilia. Mikungu yake lazima ifike gulioni, na gulio liko barabarani.

Ukiwa bado na miguu, nenda Rusumo uone maporomoko na mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Ukigonga muhuri na kuvuka daraja, hamia upande wa kulia mara moja. Rwanda wanaendesha kulia, na malori uliyoyakimbia asubuhi yatakuwa hapo hapo, yakihama pamoja nawe.