Mengineyo

Juni ndiyo mwezi ambao Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma na kuisomea nchi bajeti yake. Nami nikaona nyumba yangu isibaki nyuma. Ijumaa shule zilipofungwa nilirudi Tabata na daftari jipya, kalamu mbili na uso wa waziri. Kazi yangu ni kutunza stoo. Kwa miaka 14 nimehesabu nondo, misumari na ndoo za rangi, na kwangu boliti haitoki bila saini. Mtu wa namna hiyo, nikajiambia, hashindwi na likizo ya watoto watatu.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Watoto wakiwa nyumbani hakuna hela ya basi la shule. Hakuna shilingi 1,000 ya kila mtoto kila asubuhi. Hakuna mchango wa mtihani wa majaribio, hakuna "mwalimu amesema tuje na rula nyingine". Nikatoa hiki, nikatoa kile, nikajumlisha kilichobaki, kisha nikavua miwani na kuifuta ili nisome tena. Likizo ilikuwa faida! Tungebakiza 180,000.

Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Alifuta mikono kwenye kanga, akapitisha kidole juu ya orodha: Chakula. Umeme. Safari ya Muheza kwa bibi. Sabasaba. Mengineyo. Kidole kikagota hapo.

"Mengineyo umeweka 20,000?"

"Hata hiyo ni nyingi, Mama Rehema. Mengineyo ni vitu visivyo na jina."

"Watoto unao wangapi?"

"Watatu."

"Basi hao ndio mengineyo," akasema, akarudi jikoni.

Jumatatu ya kwanza, mkate ambao siku za shule hulala na kuamka ulikuwa umekwisha saa tatu asubuhi. Nilikuja kuelewa kwamba shuleni watoto hula kwa kengele, nyumbani hula kwa kukumbuka, na Baraka, wa miaka minane, kila akipita jikoni alikumbuka. Kipupwe nacho kiliwachochea: uji ukishuka, wanauliza viazi, viazi vikishuka, wanauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Kiporo nilikuwa nimekipangia kifungua kinywa cha siku tatu kwa wiki. Sikujiuliza kinatoka wapi. Kiporo ni mtoto wa wali uliobaki, na mwezi ule wali haukubaki.

Tena nilikuwa nimepigia hesabu watu watano. Mtoto wa likizo haji peke yake, huja na wa jirani, na wa jirani huja na binamu yake aliyetoka Mbagala kutembea. Mchana nikipita nyumbani nilikuta viatu kumi na vinne mlangoni, vingine vya mguu mmoja. Na huku kwetu humwambii mtoto wa mwenzio aende kwao wakati sahani zinapangwa. Unaongeza maji kwenye maharage, unampangia naye.

Mstari wa Umeme niliuandika kwa kujiamini kuliko yote. Sisi ni watu wa tarifu 4, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi na wanaouziwa uniti moja shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Mtu wa kundi hili huijua namba 9,150 kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa, maana ndiyo hela inayoleta uniti 75 kamili. Ongeza 1,500 ya kodi ya jengo, ambayo hukatwa humohumo kwenye LUKU hata kama jengo lenyewe umepanga, na hesabu imefungwa. Tumeishi ndani ya uzio huo miaka kadhaa kwa nidhamu ya kijeshi: friji letu dogo huzimwa usiku, pasi hupigwa Jumapili tu, na taa ya nje huwaka mgeni akibisha hodi.

Likizo iliubomoa uzio. Katuni zilianza kabla ya jogoo kuwika. Rehema, aliye darasa la sita, alipiga pasi mpaka vitambaa vya makochi. Tunu, kitinda mimba wetu wa miaka mitano, aligundua kwamba ndani ya friji mna taa na kwamba taa hiyo huzimika mlango ukifungwa. Wiki nzima ya pili aliitumia kufungua na kufunga, ajaribu kuikamata inazimika.

Tarehe 17 mita ikaanza kulia. Nikanunua umeme wa 10,000 nikitarajia uniti kama themanini, zikaja ishirini na kidogo. Nilidhani mtandao umekosea. Kumbe ukishavuka uniti 75, inayofuata ni shilingi 350, nayo ni kabla ya kodi na tozo. Kanuni hiyo nilikuwa naijua, kama ninavyojua kwamba Mikumi kuna simba, ila sikutegemea kumkuta sebuleni. Mstari wa Umeme ulikuwa umeshajaa, kwa hiyo hela ile nikaiandika kwenye Mengineyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda dukani kwa Mangi kununua wembe. Mangi akanipa wembe, kisha akachomoa chini ya meza daftari lililokunjamana pembe, lenye madoa ya mafuta ya taa. Kurasa mbili zilikuwa zangu. *B/Rehema: ubuyu 200. B/Rehema: barafu 3. B/Rehema: kashata 2. B/Rehema: soda 1, mgeni.*

"Mgeni gani huyu, Mangi?"

"Baraka alisema kwenu kuna mgeni."

"Na hizi barafu?"

"Walisema baba amesema."

Shule ilikuwa imefunga na "mwalimu amesema" yake, na nyumbani kwangu imezaliwa "baba amesema". Jumla ilikuwa 14,600. Nililipa nikilitazama daftari lile kwa wivu. Mangi haandiki yatakayotokea. Anaandika yaliyotokea, ndiyo maana hesabu zake hazikosei.

Bado nilikuwa na silaha yangu ya siri, nayo ni Muheza. Kwa mama yangu unga hutoka shambani, maji hutoka kisimani, na machungwa huokotwa kama kokoto. Siku kumi za watoto kule zingekuwa siku kumi bila mkate, bila LUKU na bila Mangi. Nilikuwa nimeandika nauli peke yake. Mke wangu akaniuliza, kwa upole unaotisha, kama ninakwenda kwa mama yangu mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Basi sukari kilo tano, sabuni za mche, majani ya chai, mafuta ya kula na kanga doti moja. Na mama mdogo je, yeye aangalie tu? Na jirani anayemchotea mama maji? Kanga zikawa doti tatu. Mengineyo, Mengineyo, Mengineyo.

Stendi ya Mbezi tulifika alfajiri. Mpango ulikuwa viti viwili: Rehema ampakate Tunu, mimi nimpakate Baraka. Konda alitutazama kwa muda.

"Mzee, hapo nani kampakata mwenzake?"

"Huyu bado mdogo," nikasema, nikimbonyeza Baraka ajikunje.

Konda akainama. "Dogo, uko darasa la ngapi?"

"La tatu," akajibu Baraka, akijinyoosha mpaka kofia yangu ikaanguka, "na nimekuwa wa nne."

"Hongera sana," akasema konda, akakata tiketi ya tatu.

Siku ya kuwafuata, mama alikuwa ametufungia kiroba cha machungwa ambacho vijana wawili walikiinua kwa kuhesabu moja, mbili. Juu yake akaweka jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya Mama Rehema. Zawadi ya mama haikataliwi. Kuanzia pale ikawa nalipa mimi. Bodaboda mpaka barabara kuu, mzigo kwenye buti la basi, kijana wa kubeba pale Mbezi, bajaji mpaka Tabata. Usiku, kwa kuwa ugonjwa wa stoo hauna dawa, niligawa gharama zote kwa idadi ya machungwa. Kila chungwa la bure lilikuwa limenigharimu kuliko linavyouzwa kwenye toroli mtaani kwetu, na pale mtaani huuzwa limeshamenywa. Nilimpigia mama simu, nikamwambia yamefika salama na ni matamu. Kweli yalikuwa matamu.

Jogoo naye alitakiwa awe kitoweo cha Jumapili. Kabla ya Jumapili watoto walikuwa wamemwita Konda, kwa sababu hupiga kelele alfajiri na huwatazama watu kwa jicho la kuwadai. Kuku mwenye jina hachinjwi. Hulishwa pumba, na pumba zina bei.

Ikabaki Sabasaba. Maonyesho huanza mwishoni mwa Juni na kuvuka Julai Saba, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Niliandika viingilio na nauli ya daladala, basi, maana mtu huenda kuangalia, na macho hayana pazia wala bei. Langoni niliwapa watoto hotuba ya ukomo wa bajeti. Bembea ni mara moja, aiskrimu haipo, na atakayesema "baba naomba" atabeba mfuko wa maji. Walitii. Kwa saa mbili tulitembea kama ukaguzi wa serikali, tunatazama matrekta, tunachukua vipeperushi, tunasonga mbele.

Kisha nikamkuta kijana mwenye kipaza sauti masikioni, mezani kwake karoti na kifaa cha plastiki cha rangi ya kijani. Nilisimama dakika moja tu. Karoti ikatoka nyota. Kitunguu kikatoka kama karatasi, na kijana hakutoa chozi. Kabichi nzima ikawa kachumbari kabla mwanamke aliyekuwa jirani yangu hajamaliza kusema "haiwezekani". Akatangaza kwamba dukani ni 40,000, ila kwa heshima ya Sabasaba ni 25,000, na watu watano wa kwanza wanapata cha pili bure. Sikumbuki kuinua mkono. Nakumbuka nikiwa na vifaa viwili na watoto watatu wakinitazama kama wabunge waliomfuma waziri kwenye swali la nyongeza.

"Baba," akasema Rehema taratibu, "hicho kiko mstari gani?"

Nikawanunulia aiskrimu wote, na bembea mara tatu.

Nyumbani nilikusanya familia nionyeshe maajabu. Karoti iliingia nzima, ikatoka vipande viwili, kimojawapo kikiwa cha plastiki. Mke wangu hakusema neno. Alichukua kisu chake cha mpini uliofungwa kamba, akakata kachumbari ya watu watano, akaongeza kitunguu cha mtoto wa jirani aliyekuwa ameingia wakati huo.

Usiku wa kuamkia kufungua shule nilikaa kufunga mahesabu. Faida ya 180,000 haikuonekana, na pembeni yake kulikuwa na deni la 90,000 kutoka kwa shemeji. Chakula kilikuwa na nusu ukurasa. Umeme mistari miwili. Mengineyo ilikuwa na kurasa nne, mbele na nyuma. Nikaanza kumsomea mke wangu kwa sauti, nia yangu ikiwa kujitetea kwamba kila shilingi ina maelezo. *Soda ya mgeni asiyekuwepo. Kanga ya jirani wa mama. Tiketi ya Baraka (wa nne). Pumba za Konda. Bembea x 9.* Nilipofika kwenye kifaa cha karoti alikuwa ameegemea ukuta akicheka machozi. Milango ikafunguka, watoto ambao walitakiwa wawe wamelala wakaja kukaa chini, wakaanza kunisahihisha. Barafu hazikuwa tatu, zilikuwa nne, moja alikula Tunu peke yake nyuma ya tangi. Waliniomba nirudie ya konda mara mbili. Ukurasa wa Umeme hakuna aliyeuulizia.

Nilikaa pale nikiwaza kwamba ada ninayoinung'unikia kila muhula haikuwa inalipia hesabu na Kiingereza tu. Ilikuwa inalipia friji lisilofunguliwa, katuni zisizowashwa, na saa nane za kila siku ambazo "baba amesema" haikuwa na wa kuitamka. Shule ilikuwa inanikalia na mengineyo yangu matatu, na mimi nilikuwa naiandika kama hasara.

Asubuhi Rehema alinipa karatasi ya muhula wa pili iliyokaa kwenye begi lake mwezi mzima. Ada, awamu ya tatu. Basi la shule. Rimu ya karatasi. Fagio la chelewa. Na chini kabisa: *Mengineyo, 35,000.*

Kila muhula mstari huo hunipeleka mpaka dirisha la mhasibu wa shule, kumuuliza kwa sauti ya mtunza stoo hayo mengineyo ni yapi, ayataje moja moja. Safari hii nilimfikiria kidogo. Ni mtu mzima, ana kalamu yake, ana daftari lake, na ana watoto 400.

Nikalipa.