Paris Picha Mia, Kolo Hata Moja

Msafiri wetu akikodi gari Ulaya, simu haipumziki: daraja, bonde, kondoo malishoni, kisha Mnara wa Eiffel, uliosimama tangu 1889 na usiopungukiwa kitu kwa kukosa picha yake moja. Msafiri huyohuyo akitoka Dodoma kwenda Arusha hupita Kolo, wilayani Kondoa, amelala mdomo wazi. Kwenye vilima vya pale kuna michoro ya miambani, watu warefu wembamba na wanyama wa rangi nyekundu, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Penye miti hapana wajenzi, na penye michoro hapana wapiga picha.

Atajitetea kwamba njia ni mbovu. Hoja hiyo imezeeka. Siku hizi ni lami. Atasema pia kwamba michoro imefifia, haitoki vizuri. Basi hiyo ndiyo sababu ya kuipiga leo, maana jua na mvua havimsubiri. Mwanaakiolojia Mwingereza Mary Leakey alilijua hilo: mwaka 1951 alipiga kambi huko akainakili kwa mkono, na kitabu alichokitoa 1983 alikiita sanaa ya Afrika inayotoweka. Mgeni alikuja kuangalia. Mwenyeji huenda mbali ili aangaliwe. Tuseme kweli, picha ile haituonyeshi Paris, inatuonyesha yeye akiwa Paris. Haya, ndugu msafiri, hata kama ni kujionyesha tu, shuka Kolo. Mwamba una nafasi ya uso wako pia, ila usiuguse.