Vushe Vyungu Vyako Baridi Hii kwa Njia ya Mkato

Wewe uliyejaza kibaraza chako cha Minneapolis mchaichai, mrehani na mlimau wa chunguni, sogea tunong'one. Usiku ukikaribia nyuzi 10 za Selsiasi, anza kuingiza vyungu ndani. Usingoje jalidi ya Oktoba. Wanaojifanya mabingwa watakwambia ununue taa na mashine za unyevu. Waache wanunue.

1. Chagua kimoja cha kuringia. Wageni hutazama kilicho dirishani sebuleni, basi. Weka mlimau kwenye dirisha la kusini, ndilo lenye jua wakati wa baridi.

2. Vingine vilaze. Hapa ndipo penye utamu wote. Mchaichai ukate ubaki sentimita 15 hivi, uuteremshe chumba cha chini ya nyumba, pasipo na hita lakini pasipoganda, uupe maji kidogo mara moja kwa mwezi. Mgomba ufyeke majani, ubakize shina, nao ulale. Jeraniamu ndiyo rafiki wa mvivu: ing'oe, ikung'ute udongo, itie kwenye mfuko wa karatasi gizani kwenye ubaridi. Asili yake ni Afrika Kusini, na shina lake nene huweka akiba ya maji. Kila mwezi loweka mizizi saa moja, kisha ikauke. Machi irudishe udongoni.

3. Mrehani usihangaike nao. Kata vitawi vitatu, vitie kwenye glasi ya maji dirishani; baada ya wiki mbili hivi vitakuwa na mizizi. Shina la zamani litupe.

4. Kinachoingia ndani kioshe kwa maji ya sabuni, hasa chini ya majani. Utitiri hustawi kwenye hewa kavu ya hita.

5. Ficha ndoo. Mwanga ukipungua mmea hunywa kidogo, na vyungu vingi vya ndani huuawa na maji mengi. Ukishindwa kutulia, futa majani vumbi: utaonekana mtu wa bidii, na mmea utapata mwanga zaidi.

6. Majani ya mlimau yakipukutika, sema mti unabadilisha mavazi. Hudanganyi: majani yaliyokomaa kwenye jua kali hayaufai mwanga hafifu, huota mengine.

Mwishoni mwa Mei vitoe nje, kivulini kwanza kwa wiki moja. Jirani akikusifu, pokea sifa zote, kisha mpe kitawi cha mrehani naye aanze.